Kijana alitangaza mtandaoni, wateja walikuwa dirishani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni wakala wa kutoa na kuweka fedha hapa Tandahimba. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi kwa misimu saba, kazi niliyoiacha kwa sababu ya mgongo na, nisifiche, kwa sababu ya matusi. Nataka kusema neno kuhusu vijana wanaotengeneza programu za simu na jinsi wanavyomaliza vijisenti vyao kwa kuzitangaza. Najua jambo hili halimtarajii mwanamke wa miaka 54 anayesoma ujumbe wa simu kwa kuisogeza mbali na macho. Lakini fedha iliyoliwa ilikuwa yangu, kwa hiyo na mimi nisikilizwe.

Wasomaji wa Mtwara na Lindi wanaweza kuiruka aya hii, nawaeleza wa mikoa mingine. Korosho huku haziuzwi kiholela, labda kwa kangomba, yaani kuwauzia walanguzi nje ya chama, na hilo ni kosa. Tangu 2007 tuko kwenye stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, AMCOS kama tunavyoita, unapimwa, anapewa karatasi yenye kilo zake. Mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, halafu baada ya siku kadhaa pesa inaingia benki. Sasa ile bei iliyotajwa mnadani siyo inayoingia kwenye akaunti. Hapo katikati kuna makato: ya halmashauri, ya chama, ya chama kikuu, ya usafiri, ya ghala, na mengineyo. Yanabandikwa ukutani, lakini nani anasimama ukutani na kikokotoo? Mzee akisikia bei anazidisha kwa kilo zake kichwani, anakopa kwa hesabu hiyo, anaahidi mahari kwa hesabu hiyo. Siku ya siku anakuja dirishani kwangu, naangalia salio, namtajia. Ananitazama kama mimi ndiye niliyekula. "Mama Wakala, mbona imepungua?"

Swali hilo nimeulizwa mpaka naliota. Msimu wa 2024, bei zilipovuka 4,000 kwa kilo kwenye minada ya mwanzo, nilinunua daftari la kurasa 96 kwa kazi moja tu, kuwapigia watu hesabu, na halikumaliza Novemba. Kijana wangu alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na stashahada yake ya kompyuta, kazi hana, akawa anakaa nyuma yangu kwenye kreti la soda akichaji simu za watu. Msimu mzima alisikiliza. Mwezi wa kwanza akanionyesha kitu kwenye simu yake. Unaandika kilo, unaandika bei ya mnada, makato ya msimu yamo tayari, unabonyeza. Tukajaribu kilo 412, bei tuseme 3,500, makato tuseme 250 kwa kilo. Ikaleta 1,339,000, na chini yake ikaonyesha kila kato limechukua kiasi gani. Nikavuta daftari langu nikapiga kwa mkono. Ikawa hiyohiyo. Jioni ile nilimchinjia kuku.

Nikampa 300,000 kutoka mgao wangu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nilidhani ni fedha nyingi.

Dola 25 zilikwenda kwa Google kufungulia akaunti ya mtengenezaji, hiyo unalipa mara moja basi, na kwa kuwa hana kadi ya benki alilipa kwa ile kadi ya mtandaoni inayotengenezwa humohumo kwenye simu. Upande wa iPhone, Apple wanataka dola 99 kila mwaka. Tuliachana nao. Msimu mzima dirishani kwangu nimeona iPhone mbili, na zote zilikuwa za wanunuzi.

Nikajua tumemaliza. Kumbe akaunti mpya ya mtu binafsi ina sharti: kwanza upate watu wasiopungua 12 wajiunge kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo, ndipo uombe ruhusa ya kuitoa kwa kila mtu. Kijana akaanza kuwatafuta hao 12 kwenye makundi ya watengenezaji wenzake, nijaribie yangu nikujaribie yako, watu wa mbali wasiojua kama korosho inavunwa au inachimbwa. Nikamwambia funga kompyuta, twende. Jumamosi nikaingia naye kwenye kikoba. Tuko wanawake 27, wenye simu za tachi 15. Mwenyekiti wetu aliuliza jambo moja tu, "Ukiitoa kabla ya siku 14 kuna faini?" Kijana akasema hakuna. Akasikitika kidogo, lakini akakubali. Waliingia 14.

Siku hizo 14 ndizo zilizotufaa kuliko fedha yoyote tuliyotumia baadaye, ingawa wakati ule niliona ni usumbufu. Jirani yangu wa mandazi alirudi siku ya pili, mikono ina unga, akauliza yale maneno mawili ya Kiingereza juu ya hesabu maana yake nini. Kijana alikuwa ameandika kama wahasibu wanavyoandika. Yakabadilishwa yakawa "Pesa kabla ya makato" na "Pesa ya mkononi". Mwingine hakuona tarakimu. Mwingine, mke wa mwalimu, alisema kila akigusa sehemu ya kilo kibodi inakuja na herufi badala ya namba, naye ana kucha. Mambo madogo haya, lakini ukimtangazia mtu kitu halafu kikamshinda mara ya kwanza, hatakigusa tena, na atawasimulia wenzake bure.

Jina nalo. Jina la kwanza lilikuwa la Kiingereza, mwenyewe ameniomba nisilitaje gazetini. Play Store wanakupa herufi 30 za jina na 80 za maelezo mafupi, na watu wanaipata programu kwa kuandika wanachokitafuta. Nikamuuliza mwanangu, mtu wa Mahuta akikitaka kitu hiki atakiitaje? Akakaa kimya. Sasa inaitwa Hesabu ya Korosho na Ufuta, herufi 26 pamoja na nafasi. Maelezo mafupi nimeyatunga mimi: "Jua pesa yako baada ya makato. Haitumii bando, haiombi namba za simu." Yametoshea, na mbele nitaeleza kwa nini nilitaka lile neno la mwisho liwemo.

Tukaitoa katikati ya Machi. Hapo ndipo tulipoharibu, na kosa ni langu mimi niliyekaa misimu saba kwenye mizani. Machi huku ni mvua na jembe. Hakuna aliye na hata kilo moja ya korosho ndani, pesa ya msimu imeshageuka bati au imeshageuka deni. Nani atafungua kikokotoo cha mavuno Machi? Ni sawa na kuuza kofia za jua usiku. Lakini kijana alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na fahari.

Akalipia tangazo la Facebook 60,000. Kwenye simu lilionekana limefana, watu wakawa wanabonyeza kupenda kutoka kila pembe ya nchi. Bwana mmoja wa Tabora akauliza kama tunazo za kukaanga na tunatuma kwa basi gani. Halafu akamlipa 80,000 mtu mmoja mwenye wafuasi wengi Instagram, aseme habari zetu kwenye stori mbili. Stori inakaa saa 24 inafutika. Tulipata watu 11 na sina hakika kama si wanachuo wenzake. Akatokea tena mtaalamu wa masoko, hivyo ndivyo alivyojiita, akataka 150,000 atuletee nyota tano na maoni mazuri kwa mamia. Hapo niliingilia. Kwanza Google wanakataza, wakikubaini wanaweza kukuondoa. Pili, mimi nimekaa kwenye mizani, najua mizani iliyochezewa inavyomaliza jina la chama kizima, hata miaka mitatu baadaye watu wanakuja na vibaba vyao kuhakiki.

Ukiweka na bando, mwezi wa tano tulikuwa na 80,000 mkononi na watu 43 kwenye programu. Kumi na wanne kati yao ni wa kikoba.

Ndipo nilipoanza kuangalia kwa macho yangu. Akija mtu kutoa hela, ana simu ya tachi, na hakuna foleni, namwambia hebu tuiweke hapahapa nione. Nikaona mambo ambayo hakuna tangazo linaloyatibu. Alikuja bwana mmoja wa Kitama, mtu mzima, mwenye shamba kubwa. Tukafungua Play Store, ikadai neno la siri. Neno la siri la nini? Juu kulikuwa na barua pepe yenye jina la mtu mwingine kabisa. Kumbe ni ya kijana aliyemuuzia simu Mtwara mjini miaka miwili nyuma, alimfungulia kwa akaunti yake mwenyewe ili amalize haraka. Yule bwana kwa miaka miwili hajawahi kuweka kitu kwenye simu yake, alidhani ndivyo ilivyo. Aliyefuata akaunti anayo, lakini simu imejaa video za harusi na mawaidha, hainyanyui hata picha moja. Wa tatu bando lake lilikuwa la WhatsApp tu.

Mhariri, kwa wiki tatu niliandika kwenye daftari. Wengi walioshindwa, walishindwa kwa ile barua pepe ya muuza simu. Sasa wewe lipia matangazo hata ya milioni, mtu huyo atalipenda tangazo lako, atalibonyeza, ataambiwa neno la siri, atarudi kwenye video zake.

Nikavuka barabara kwa fundi simu. Nikamwambia, kila mtu utakayemfungulia akaunti yake mwenyewe, ukamwandikia neno la siri kwenye karatasi akaliweka na kitambulisho, ukampunguzia vitu vilivyojaa, nakupa 500. Programu yetu umwonyeshe, akiitaka muwekee, asipoitaka 500 yako iko palepale. Alicheka, akasema mama unalipia mambo ya watu. Ni kweli. Alifanya simu 60, nikatoa 30,000, na walioitaka programu walikuwa wengi kuliko wasioitaka. Fundi mwenyewe sasa anamuuliza kila mteja kama anakaribia kuuza. Anaulizwa na yeye maswali ya makato, keshakuwa wakala mdogo.

Tuligombana mimi na mwanangu kuhusu kurushiana. Vijana huku wanarusha programu kutoka simu hadi simu, bila bando, wamekaa chini ya mkorosho. Yeye hataki. Anasema simu inatoa onyo kwamba kitu kimetoka pasipojulikana, na aliyerushiwa hahesabiki Play Store, na makato yakibadilika hapati mapya. Yote ni kweli. Lakini kuna vijiji ukitaka mtandao unapanda juu ya kichuguu, na kule ndiko korosho ziliko. Tukafikia muafaka: juu kabisa ya programu pameandikwa kwa maandishi makubwa makato haya ni ya msimu gani, na mtu anaweza kuyafuta akaandika yaliyobandikwa kwenye chama chake. Warushe.

Sasa lile neno, haiombi namba za simu. Wasomaji wanakumbuka Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Kabla ya hapo, huku kwetu zilikuwa zimeshafanya kazi yake. Unaweka programu, inaomba ione majina yote kwenye simu yako, unabonyeza ndiyo kwa sababu una shida. Ukichelewa siku moja, wanampigia shemeji yako, wanampigia sheikh, wanampigia mwalimu wa mtoto. Dada mmoja jirani yangu alihama mtaa. Baada ya hapo ukimwambia mtu wa Tandahimba weka programu, swali la kwanza haulizi inafanya nini. Anauliza, "Haitachukua namba za ndugu zangu?" Kijana alikuwa ameweka sehemu ya kumtumia mwenzio hesabu yako, na sehemu hiyo ilikuwa inaomba majina. Nikamwambia itoe. Akasema mama hiyo ndiyo itakayoisambaza programu. Itoe. Aliitoa shingo upande. Leo programu yetu haiombi ruhusa ya kitu chochote, na ninapomwambia mtu hivyo, nikamwonyesha kwenye mipangilio ya simu yake pale pameandikwa hakuna ruhusa zilizoombwa, bega linashuka. Tangazo zuri kuliko hilo sijalipata, na halikulipiwa hata senti.

Mwezi wa sita ulikuwa wa ufuta. Dada yangu ameolewa Nachingwea, nikamtuma kijana kwa nauli na 20,000 ya kula, nikamwambia nenda kajaribu kwa ufuta kabla ya korosho kufika, maana nao unauzwa kwa mfumo uleule. Nachingwea ni mahali pazuri pa kujifunza kutotupa fedha. Ni mojawapo ya sehemu ambako Waingereza walileta mpango wao wa karanga miaka ya 1940, wakaleta matrekta, wakajenga reli na kuanza bandari ya Mtwara, na mwaka 1951 wakaufunga. Bandari tunayo, karanga zile hatukuziona. Baba yangu alikuwa akisema wangeuliza wanawake wa pale tu.

Kijana alikaa siku tisa. Hakubeba kipeperushi. Alikaa kwenye benchi la chama kimoja cha msingi kwa ruhusa ya karani, kwa sababu karani ndiye anayeulizwa. Alimwekea karani programu kwanza. Mkulima akija kuuliza, karani anapiga mbele yake, anamgeuzia simu aone, na mkulima anasema, hiyo kitu naipataje? Aliniambia kwa siku hizo tisa yeye hakumwomba mtu hata mmoja aipakue. Wao ndio waliomwomba. Alirudi amekonda, lakini anaongea tofauti. Alikuwa haongei tena habari za wafuasi.

Redio ilikuja yenyewe, au karibu yenyewe. Kuna redio moja ya huku ina kipindi cha wakulima. Tuliuliza bei ya tangazo, tukakuta haliko kwenye uwezo wetu. Nikapiga simu kipindini kama msikilizaji wa kawaida, nikaeleza jinsi makato yanavyohesabiwa, kwa mfano wa kilo 412 uleule. Mtangazaji akaniomba nije studio wiki inayofuata. Nusu saa nzima watu wanapiga, wananitajia kilo zao, napiga, nawatajia. Programu niliitaja mara moja, mwishoni, na hapo ni kwa sababu mtangazaji aliniuliza unatumia nini mama, mbona uko haraka hivyo. Wiki ile waliongezeka wengi kuliko ilivyokuwa tangu Machi. Nauli yangu ya kwenda na kurudi ndiyo gharama yote.

Nisije nikaonekana kila kitu kilikuwa laini. Oktoba minada ilipoanza nilitaka kijana apewe dakika tano kwenye mkutano wa wakulima, pale wanapokusanyika kusikia bei na kukubali au kukataa kuuza. Hakuna mahali pazuri kama pale: watu mia kadhaa, kila mmoja ana swali lilelile kichwani kwa dakika ileile. Chama kimoja walitupa. Chama kingine, sikitaji, hawakusema hapana. Walisema leteni barua. Tukapeleka barua. Wakasema haina muhuri. Kijana hana ofisi, muhuri wa nini? Akachonga muhuri, 15,000. Wakasema barua ipite kwa bodi, na bodi itakaa Desemba. Desemba mnada wa mwisho wa pale ulikuwa umeshapita. Mzee mmoja wa bodi aliniambia pembeni, kwa nia njema kabisa, "Mama Wakala, hiyo kitu ikionyesha kila kato, watu watauliza." Nikamwambia wanauliza sasa hivi, tena wananiuliza mimi.

Tulichofanya baadaye ni ubao. Nimetundika ubao mweusi nje ya kibanda, kama wa shule. Kila baada ya mnada naandika kwa chaki bei ya juu, bei ya chini, jumla ya makato kwa kilo, na pesa ya mkononi kwa kilo 100. Wenye vitochi, zile simu ndogo zisizo za tachi, na hao ndio wengi kati ya wazee wetu, wanautumia huo ubao. Wanasimama, wanahesabu kwa vidole, wanaridhika au wanasonya, wanakwenda. Chini ya ubao kijana ameandika jina la programu. Watoto wa hao wazee wenye vitochi ndio wanaoipakua. Chaki boksi moja imefika mwisho wa msimu.

Play Store sasa inaonyesha wameshapakua zaidi ya 500, waliorushiana Mungu anajua. Haijaleta faida. Kijana anafikiria kuweka tangazo la duka la pembejeo humo ndani wakati wa kupuliza mikorosho dawa ya salfa, mwezi wa sita hivi, na mimi sijakataa ila nimemwambia duka liwe la hapahapa na lisiwe na dawa feki. Fedha iliyobaki kwenye zile 300,000 ni 8,000 na muhuri.

Ombi langu ni mawili. La kwanza ni kwa viongozi wa vyama vya msingi: kijana akija na kitu cha kuwasaidia wakulima, mwoneni kwanza kinafanya nini, dakika tano haziui mkutano.

La pili ni kwako Mhariri. Gazeti lako linapofika huku, hata likichelewa, linasomwa kwa sauti pale kwa kinyozi. Kila msimu mnaandika bei ya mnada kwa herufi kubwa, na watu wanazidisha hapohapo, kisha wanakuja kunigombeza mimi. Nawaomba msimu ujao, chini ya bei, muandike na makato ya kila chama kikuu na kinachobaki kwa kilo. Ni mstari mmoja tu. Kijana wangu nimemsomea sehemu hii, amenuna, anasema mkifanya hivyo nusu ya wateja wake hawataihitaji programu. Nimemwambia barua ni yangu.

Mama Wakala,
Tandahimba, Mtwara